Kitabu Kilichopotea Hekaluni

Labda dakika hii wanisikia huku mkono mmoja umeshika sufuria ya chai na mwingine unamtafutia mtoto soksi za shule. Sikulaumu. Nami nataka kuanza kwa kukuambia habari za siku moja nilipokuwa kanisani kwangu mwenyewe, nimevaa kanzu nyeupe kama ipasavyo, wala sikusikia hata neno moja la somo lililosomwa hatua tatu tu kutoka kitini pangu.

Nilikuwa kijana bado, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha theolojia, na parishi ile ilikuwa ikijenga kanisa. Jumapili iliyokuwa inakuja tulikuwa na harambee ya mabati. Msomaji alipokwenda mbele na kufungua Biblia, mimi nilikuwa na kikaratasi ndani ya Kitabu cha Sala, najumlisha ahadi za watu. Fulani mabati 5. Fulani misumari. Fulani shilingi 200, lakini za mwaka jana hajalipa. Msomaji akamaliza, akasema huo ndio mwisho wa somo la kwanza, nami nikasimama kuimba pamoja na wengine kama mtu aliyesikia.

Baada ya ibada nilisimama mlangoni kuwapa watu mkono. Akaja nyanya mmoja ambaye siku zote alikaa benchi la mbele. Alibatizwa akiwa mtu mzima, wala hakujua kusoma, na kwa hiyo Neno la Mungu kwake lilikuwa ni lile analolisikia kanisani, na lile analosomewa na wajukuu wakipata nafasi. Akanishika mkono asiuachie.

"Mchungaji," akaniuliza, "yule mfalme wa leo aliyekichoma kitabu. Kile kitabu kikaishia pale pale motoni?"

Mfalme gani? Kitabu gani? Nikatabasamu vile sisi wachungaji tunavyojua kutabasamu, nikamwambia, "Nyanya, hilo ni swali kubwa. Nitakuja nyumbani tulizungumze." Akanitazama kidogo, akauachia mkono wangu. Nadhani alijua.

Jioni ile nikaitafuta kalenda ya masomo. Lilikuwa Yeremia sura ya 36, tena lilikatwa mahali pabaya kabisa, pale mfalme amalizapo kuchoma. Nikakaa mezani na taa, nikasoma sura yote, kisha nikarudi nyuma hadi Wafalme wa Pili, sura ya 22 na ya 23. Usiku ule nilisoma zaidi ya nilivyokuwa nimesoma kwa mwezi mzima, nami naona haya kulisema jambo hilo redioni. Niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwapa leo.

Ili tumfahamu mfalme yule na moto wake, hatuna budi kurudi nyuma miaka 18, katika enzi ya baba yake. Mfalme Yosia alitawazwa huko Yerusalemu yapata mwaka 640 K.K., naye alikuwa mtoto wa miaka 8. Babu yake Manase alikuwa ametawala miaka 55, na katika miaka hiyo alijenga madhabahu za miungu migeni ndani ya nyua za Hekalu lenyewe. Amoni, baba yake Yosia, alitawala miaka 2 tu, akauawa na watumishi wake. Basi katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake, yaani yapata 622 K.K., Yosia, ambaye sasa ni kijana wa miaka 26, aliamuru kwamba Hekalu litengenezwe. Fedha zilikuwa zimekwisha kukusanywa na mabawabu mlangoni. Zikatolewa kwa maseremala, na wajenzi, na waashi, nayo Maandiko yasema kwamba mafundi hao hawakudaiwa hesabu, kwa maana walitenda kazi kwa uaminifu. (Watunza hazina wa parishi zetu wasije wakaushika mstari huo peke yake!)

Ni katika kazi hiyo ya ukarabati ndipo Hilkia, kuhani mkuu, alipokiona kitabu cha torati.

Hebu tusimame hapo kidogo. Wataalamu wengi wa Agano la Kale wanaona kwamba kitabu hicho kilikuwa Kumbukumbu la Torati, au sehemu yake kubwa, kwa sababu matengenezo aliyoyafanya Yosia baadaye yanafuatana sana na maagizo ya kitabu hicho. Sasa fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 17 utaona agizo kwamba kila mfalme ajiandikie nakala yake mwenyewe, awe nayo, aisome siku zote za maisha yake. Fungua sura ya 31 utaona tena kwamba kila mwaka wa saba, katika Sikukuu ya Vibanda, torati isomwe mbele ya watu wote, wanaume na wanawake na watoto, pamoja na mgeni akaaye kati yao. Kilikuwa kitabu kilichoagizwa kisipotee! Na bado kikapotea. Jumlisha miaka ya Manase, na ya Amoni, na ile 18 ya Yosia, unapata miaka 75. Watoto walizaliwa, wakaoa na kuolewa, wakawazika wazee wao, wakazeeka nao.

Tena kilipotelea wapi? Hakikuchukuliwa mateka na Waashuri. Hakikuangushwa njiani na msafiri. Kilikuwa ndani ya nyumba ya Mungu, na nyumba hiyo haikuwa gofu lililoachwa, maana mabawabu wasingeweza kukusanya fedha mlangoni kama watu hawakuwa wakipita mlango huo. Watu walikuja. Makuhani waliingia zamu na kutoka zamu. Labda kulikuwa na mtu aliyepangusa vumbi katika chumba kile mwaka hata mwaka, akakisogeza kile kitabu kando ili apanguse vizuri.

Hilkia akampa Shafani mwandishi. Shafani akakisoma kwanza yeye mwenyewe, kisha akaenda kwa mfalme. Nakuomba usome mwenyewe jinsi alivyotoa taarifa yake. Alianza na fedha: zimetolewa, zimekabidhiwa wasimamizi, kazi inaendelea. Baada ya hesabu ndipo akataja kwamba Hilkia kuhani amempa kitabu. Hakusema kitabu cha nani. Kitabu tu. Simhukumu Shafani, huenda aliogopa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukisoma, na mtu aliyeyasoma yale hakosi kuwaza atakavyoyatamka mbele ya kiti cha enzi. Lakini nilipofika kwenye mstari ule, usiku ule, nikakumbuka kikaratasi changu cha mabati.

Shafani akasoma mbele ya mfalme. Na Yosia, aliposikia, akayararua mavazi yake.

Wala hakuishia kwenye kurarua. Aliwatuma watu watano, ambao ni Hilkia, na Ahikamu mwana wa Shafani, na Akbori, na Shafani mwenyewe, na Asaya mtumishi wa mfalme, waende wakamwulize Bwana. Uyashike majina ya Shafani na Akbori, tutakutana na watoto wao. Siku hizo Yeremia alikuwa amekwisha kuanza kutabiri miaka mitano nyuma. Lakini wale watano walikwenda mpaka Mtaa wa Pili wa Yerusalemu, kwa mwanamke, Hulda nabii, mke wa Shalumu mtunza mavazi. Mama huyu hakuwabembeleza wakubwa wale. Aliwaambia kwamba maovu yaliyoandikwa yatakuja kweli juu ya mahali pale, lakini mfalme, kwa sababu moyo wake ulikuwa laini, akajinyenyekeza, hatayaona kwa macho yake. Yosia angeweza kusema, basi, ikiwa hukumu itakuja vyovyote, kusoma kuna faida gani? Badala yake aliwakusanya watu wote, wadogo kwa wakubwa, akapanda Hekaluni, akawasomea yeye mwenyewe maneno yote ya kitabu, mwanzo hata mwisho. Mfalme akawa msomaji wa masomo!

Katika lugha yetu ya Kiswahili tumepewa zawadi ambayo hatuifikirii. Mama akimwambia jirani, "Huyu mtoto wangu hasikii," jirani hamshauri ampeleke hospitali kupimwa masikio. Anaelewa mara moja. Mtoto anasikia sana. Anasikia chakula kikipakuliwa hata akiwa ng'ambo ya mto. Asilolisikia ni neno la mama yake. Na mtoto mtiifu twamwita mtoto msikivu. Kiebrania nacho ni vivyo hivyo: neno lile lile la kusikia ndilo la kutii. Yosia alipowaambia wajumbe wake kwamba baba zao hawakuyasikia maneno ya kitabu kile, hakuwa na maana kwamba masikio yao yalikuwa yameziba.

Basi miaka ikapita. Mwaka 609 K.K. Yosia aliuawa huko Megido na Farao Neko wa Misri. Watu wakamtawaza mwanawe Yehoahazi, naye akakaa miezi mitatu tu. Farao akamwondoa, akamweka ndugu yake Eliakimu, akambadilisha jina akamwita Yehoyakimu. Huyu ndiye mfalme wa lile somo la nyanya. Alikuwa na miaka 25. Ukihesabu utaona kwamba kitabu kilipoonekana Hekaluni yeye alikuwa mvulana wa miaka 12 hivi. Huenda siku ile baba yake aliposimama kuwasomea wadogo kwa wakubwa, yeye naye alikuwa miongoni mwa wadogo.

Mwaka 605 K.K. Nebukadneza wa Babeli aliwapiga Wamisri huko Karkemishi, karibu na mto Frati, na dunia yote ya siku zile ikageuka. Mwaka huo Mungu alimwamuru Yeremia aandike katika gombo, yaani kitabu cha kale cha kukunjwa, maneno yote aliyokuwa ameyahubiri tangu siku za Yosia. Ilikuwa imetimia miaka 23 ya kuhubiri. Yeremia akatamka, na Baruku akaandika kwa wino. Na kwa kuwa Yeremia mwenyewe alikuwa amezuiliwa asiingie Hekaluni, Baruku ndiye aliyepelekwa kusoma.

Akasoma siku ya kufunga, mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata, yaani mwishoni mwa 604 K.K. Mabamba ya udongo ya Wababeli, ambayo leo yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, yaeleza kwamba mwezi huo huo Nebukadneza aliuteka mji mmoja wa Wafilisti na kuufanya magofu. Wataalamu wengi wanalisoma jina lake kuwa Ashkeloni. Toka Ashkeloni hadi Yerusalemu si mbali. Kwa hiyo wale waliofunga walikuwa na sababu ya kufunga. Lakini angalia jambo la ajabu: taifa zima limefunga chakula kwa sababu ya hofu, na siku hiyo hiyo mfalme wao anaketi kando ya moto, analikata Neno la Mungu vipande vipande.

Baruku alisomea katika chumba cha Gemaria, mwana wa Shafani. Naam, Shafani yule yule. Mwana wa Gemaria, aitwaye Mikaya, alikuwapo akasikia, akateremka mbio mpaka nyumba ya mfalme, kwenye chumba cha mwandishi, walimoketi wakuu wote, akawaeleza. Babu alikisoma kitabu mbele ya mfalme. Mjukuu sasa anapeleka habari za kitabu. Wakuu wakamwita Baruku, wakamketisha, wakasikiliza, wakatetemeka. Wakamwambia yeye na Yeremia wajifiche, mtu yeyote asijue walipo. Gombo wakaliweka chumbani mwa Elishama mwandishi, wakaenda kwa mfalme. Mfalme akamtuma Yehudi alilete.

Kulikuwa na baridi. Mfalme alikuwa katika nyumba ya wakati wa baridi, na mbele yake jiko la makaa linawaka. Yehudi akasoma. Kila aliposoma safu tatu au nne, mfalme aliikata sehemu ile kwa kisu kidogo cha mwandishi, kile cha kuchongea kalamu, akaitupa jikoni. Safu tatu, kisu, moto. Safu nne, kisu, moto. Gemaria mwana wa Shafani, na Elnathani mwana wa Akbori, na Delaia wakamsihi asichome. Hakuwasikia.

Ndugu zangu, miaka mingi niliihubiri habari hii kana kwamba Yehoyakimu alikataa kusikiliza. Si kweli. Alisikiliza mpaka mwisho! Hakuna safu moja iliyochomwa kabla ya kusomwa. Hakusinzia, hakutoka nje, hakujumlisha mabati. Kwa masikio alisikia kuliko mimi nilivyosikia Jumapili ile. Alilokosa ni kitu kimoja, nalo Maandiko yenyewe yamelitaja waziwazi: wala yeye wala watumishi wake hawakuogopa, wala hawakurarua mavazi yao. Katika Kiebrania neno la kurarua lililotumika kwa mavazi ya Yosia ndilo hilo hilo lililotumika kwa kisu cha Yehoyakimu. Aliyeandika alitaka tuwatazame baba na mwana kwa pamoja. Mmoja aliposikia aliirarua nguo yake, mwingine akakirarua kitabu. Tena neno hilo la kurarua na neno la kusoma yanakaribiana sana katika Kiebrania, yanatofautiana kwa herufi moja tu ya mwisho.

Sasa nataka niwaulize, ni nani kati ya hao wawili aliye karibu nasi? Wengi wetu hatumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Hatujararua nguo, wala hatujachoma Biblia. Mkristo wa Kenya akiona Biblia imeanguka chini ataiokota na kuipangusa kwa heshima. Sisi tuko mahali pa tatu, pale kwa wale wa miaka 75. Kitabu kipo, kimehifadhiwa vizuri, kimewekewa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na hakuna anayejua kilichomo.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, mwanzoni mwa sura ya pili, anatutahadharisha juu ya hatari hiyo, na maneno aliyoyachagua ni ya kutisha kwa upole wake. Lile la kwanza katika Kiyunani lina maana ya kitu kupitishwa na maji, kama mashua iliyolegea kamba. Mashua ya namna hiyo haipigi mwamba mara moja. Wavuvi wa kwetu pwani watakuambia kwamba unaweza kulala ndani yake ukiwa umeiona bandari, ukaamka huioni, wala hukusikia kishindo chochote. Neno la pili ni lile la kutojali. Ni neno lile lile lililotumika katika Injili ya Mathayo, sura ya 22, kwa wale walioalikwa arusini wakaenda zao, mmoja shambani kwake, mwingine kwenye biashara yake. Kuna wengine katika mfano ule waliowakamata watumwa na kuwaua, lakini hawa wawili hawakumpiga mtu. Hawakumtukana mwenye arusi. Shamba ni kitu chema, na biashara ya halali ni kitu chema. Hata mabati ya kanisa ni kitu chema.

Na Kitabu hiki hakikufika mikononi mwetu bure, ndugu zangu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa na mkewe Rosine mwezi wa Mei 1844. Mwezi wa Juni, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu mwenye elimu, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa ikamwua Rosine, na mtoto wao mchanga akafa baada yake kwa siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Makaburi yao yako upande wa Nyali, na wengi wetu hupita karibu na mahali hapo tukienda kutazama bahari. Alipopata nguvu kidogo akarudi kwenye meza yake. Huko Unguja, Askofu Edward Steere wa Universities' Mission aliendelea na tafsiri yake hata alipofariki mwaka 1882, na katika kiwanda cha uchapishaji cha misheni yake walifanya kazi vijana waliokuwa wamekombolewa utumwani. Fikiri kijana aliyekuwa bidhaa sokoni, sasa apanga herufi za Injili kwa vidole vyake. Biblia nzima katika Kimvita ilitoka 1914, na ile Biblia ya Muungano, ambayo wengi wenu mnayo hapo mezani, ilitoka 1952. Toka meza ya Krapf hadi hapo ni miaka 108.

Kazi hiyo yote ilifanywa ili nyanya asiyejua kusoma akae benchi la mbele asikie kwa lugha anayoielewa. Naye alisikia. Mchungaji wake ndiye aliyekuwa na kikaratasi.

Lakini sijawaambia mwisho wa habari za Gemaria. Yerusalemu ulianguka mwaka 586 K.K., ukateketezwa kwa moto na majeshi ya Babeli. Nyumba kubwa zote zilichomwa, na nyumba ya mfalme mojawapo. Mwaka 1982 mtaalamu wa Israeli, Yigal Shiloh, alikuwa akichimba katika mtelemko wa Mji wa Daudi, na katika nyumba moja iliyoungua siku zile aliona vidonge vya udongo zaidi ya 50 vilivyopigwa muhuri. Zamani barua au hati ilipokwisha kuandikwa ilikunjwa, ikafungwa kwa uzi, na juu ya uzi likabandikwa donge dogo la udongo mbichi lenye muhuri wa mwenyewe. Hati zenyewe ziliungua zote zikawa majivu. Bali ule udongo, kwa kupata moto, uliiva kama chungu kinavyoiva tanuruni, ukadumu karibu miaka 2,600. Na juu ya kimoja cha vidonge hivyo imesomeka: cha Gemaria mwana wa Shafani. Wataalamu wengi wanakubali kwamba ndiye huyu huyu, mtu wa chumba kile, aliyemsihi mfalme asikichome kitabu. Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko kifungo cha koti.

Siku ya tatu baada ya ile Jumapili nilikwenda kwa nyanya. Nilimkuta uani anapepeta maharagwe. Akaniletea kigoda, akamwita mjukuu alete chai, wala hakuniuliza lolote mpaka nilipomaliza kikombe. Kisha nikamwambia kwanza ukweli, kwamba siku ile sikuwa nimesikia somo, nilikuwa nikihesabu mabati. Aliendelea kupepeta. "Nilikuona," akasema.

Nikafungua Biblia, nikamsomea sura yote, nikavuka mahali msomaji alipokatia. Nikamsomea jinsi mfalme alivyotuma watu wamkamate Baruku na Yeremia, wasipatikane kwa kuwa Bwana aliwaficha. Nikamsomea jinsi Yeremia alivyochukua gombo jingine, akampa Baruku, na Baruku akaandika tena kwa kinywa cha Yeremia maneno yote ya kitabu kile mfalme alichokichoma, na juu yake yakaongezwa maneno mengine mengi ya namna hiyo.

Nyanya akaliweka ungo chini.

"Kwa hiyo hiki cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza?"

"Kilikuwa kikubwa zaidi, nyanya."

"Na hiki unachosoma ni kipi?"

Nikamwambia kwamba ni hicho cha pili. Akalifungua khanga lake, akajitanda vizuri kama mtu aliye kanisani, akaniambia nirudi nyuma nianze kusoma tangu mwanzo, tena nisiende mbio.